Niliimba miaka kumi na moja, wakanijua kwa kufungua geti

Nilishuka stendi ya Singida saa tisa alasiri, miguu imekufa ganzi kwa safari ya kutoka Dar es Salaam, na kabla sijajinyoosha vizuri mama mmoja mwenye tenga la kuku akanikodolea macho. Akanipima juu, akanipima chini. Nikashika mfuko wangu wa pesa, si unajua mambo ya stendi tena. Akampiga mwenzake kiwiko, wakanong'onezana, wakacheka, halafu akapaza sauti stendi nzima isikie.

"We kaka! Si wewe yule mlinzi? Yule aliyefukuzwa kazi kwa kuiba pampu ya maji?"

Jamani! Kwa miaka mingi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu, hata awe mlevi, anisimamishe barabarani aniulize kama mimi ndiye niliyeimba wimbo fulani. Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu mwaka 1997: ningetabasamu kidogo, ningesema "namshukuru Mungu dada yangu," ningepita zangu taratibu ili anitazame mgongo. Leo nasimamishwa nyumbani kwetu, mbele ya kuku, naulizwa habari za pampu.

"Ndiyo mimi," nikamjibu, "lakini pampu sikuiba. Aliiba shemeji yake bosi."

"Hilo tunajua, tulimwona! Tunachouliza sisi, kwa nini hukusema?"

Nikakosa la kumwambia. Jogoo alitaka elfu ishirini na tano, akaniachia kwa ishirini na mbili kwa maelezo kwamba sina kazi. Nikachukua. Mjini shule, lakini stendi ni chuo kikuu.

Basi msomaji wangu, kazi yangu ndiyo hiyo. Mimi ni mwigizaji wa pembeni kwenye tamthilia za luninga. Ukiona bosi anashuka kwenye gari la kifahari, anayelifungulia geti ni mimi. Nimeshakuwa mlinzi mara tano, mjumbe wa nyumba kumi mara mbili, mzee wa kanisa mara moja, na maiti mara moja, na hiyo ya maiti nilifokewa kwa kupumua. Kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji. Nikisema hivyo vijana wa siku hizi wananitazama kama mtu aliyesema alikuwa rubani.

Nimezaliwa Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, kule upepo unakovuma mpaka kuku wanatembea ubavu. Mama yangu hakuwa msanii, neno lenyewe hakulijua. Alikuwa mwanzishaji. Kwenye kupalilia, kwenye kupura mtama, kwenye harusi za Wanyaturu, lazima awepo mmoja wa kuanzisha na wengine wa kuitikia, na kwetu mwanzishaji alikuwa yeye. Mimi nilimfuata shambani tangu sijaota meno ya mbele, nikawa mwitikiaji wake. Alikuwa mkali kwelikweli. Ukiitikia kabla hajamaliza pumzi yake anakugeukia na jembe mkononi: "Umenikanyaga!" Ukichelewa, wimbo umekufa. Ile nafasi ya katikati, yeye anapomaliza na wewe unapopokea, ni ndogo kama tundu la sindano, na alinifundisha kupita humo bila kitabu wala kinanda. Kwaya ya kanisani iliponipokea, mwalimu aliuliza nimejifunzia wapi kusubiri. Nikamwambia kwenye mtama.

Mwaka 1995 nikapanda basi kwenda Dar. Wakati huo kutoka Singida hadi Manyoni ni vumbi tupu, ukifika nywele zimekuwa nyekundu kama umepaka hina. Nilikuta mji umechemka, ndio uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urudi mwaka 1992, na kila mkutano una muziki. TOT ya marehemu Kapteni John Komba huku, Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga kule, mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis "Kidogo" imegawa nyumba za watu. Na bendi za dansi bado zilikuwa bendi. OTTU Jazz ilikuwa ile ile iliyozaliwa NUTA mwaka 1964, ikaitwa JUWATA, na baadaye ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Sikinde, yaani Mlimani Park, walikuwa na wapenzi wao ambao ukimtaja Msondo mbele yao unakunywa bia peke yako.

Bendi iliyonichukua siitaji, waliobaki ni watu wazima wenye wajukuu. Nilichukuliwa kama mwitikiaji. Wakati huo nilidhani ni ngazi ya kwanza tu, mwaka mmoja miwili nitasogea mbele. Nilikaa pale pale miaka kumi na moja. Mwimbaji mkuu anasimama katikati, sisi watatu nyuma yake na mashati yanayofanana, tunapokea, tunamalizia, tunapiga hatua mbili kulia na mbili kushoto. Mwaka 1997 nikatunga wimbo wangu mwenyewe, wa kisima cha kijijini kwetu na msichana anayechota maji usiku. Ukapendwa. Kanda ilipotoka, kwenye karatasi ya kasha mtunzi ameandikwa mtu mwingine. Nikauliza. Nikaambiwa kwenye bendi hakuna cha mtu, kila kitu ni cha bendi. Ajabu ni kwamba bendi hiyo hiyo, pesa ilipoingia, ilikuwa na mwenyewe.

Nilitaka kuondoka. Kilichonizuia ni barua. Mama hajui kuandika, aliandikiwa na mtoto wa jirani, nami naikumbuka neno kwa neno. Aliniambia wimbo umeusikia redioni, ameita majirani, akawaambia: yule anayeanza simjui ni mtoto wa nani, yule anayemalizia ndiye wangu. Sauti tatu tulikuwa tunaitikia kwa pamoja, redio yenyewe ya betri, betri zenyewe zimeanikwa juani zipate nguvu, na bado akanichambua katikati ya wenzangu kama anachagua punje ya mtama kwenye mchanga. Nikabaki.

Sauti ilianza kunikimbia mwaka 2005. Kwanza juu kukawa kunakwaruza, nikalaumu moshi wa sigara kwenye kumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikapewa hadi mafuta ya nyonyo na mtu aliyeapa yalimponya mnadi wa mnada. Mwaka 2006 daktari akaniingiza kioo kidogo kooni, akaniambia nyuzi za sauti zimeota vinundu, vinavyotokana na kupiga kelele juu ya vyombo usiku kucha miaka nenda miaka rudi. Dawa ya kwanza ni kunyamaza. Wiki sita bila neno, hata kunong'ona amekataza. Nilimwandikia kwenye karatasi: mimi ni mwimbaji. Akachukua kalamu yake na yeye, akaandika chini yake: najua. Alikuwa na ulimi lakini aliandika. Mpaka leo namheshimu yule bwana.

Nilinyamaza wiki tatu na nusu. Bendi ilikuwa na safari ya mikoani na nilihitaji posho, nikapanda jukwaani. Hapo ndipo nilipoiua mwenyewe, sina wa kumsingizia. Sauti iliyorudi ndiyo hii niliyonayo, ya debe linaloburutwa kwenye kokoto. Bendi ikanipa mkono wa heri na shati langu la jukwaani.

Kuingia kwenye maigizo sikuomba. Rafiki yangu mmoja wa kinanda alikuwa ameacha dansi, anatengeneza muziki wa filamu huko Sinza, akaniita nikashike ule mlingoti wa maikrofoni, elfu kumi kwa siku na chakula. Kazi ya kusimama mikono juu. Siku ya tatu aliyepangwa kuwa mlinzi hakutokea. Mwongozaji akageuka huku na huku, akaniona. "Wewe mwenye sauti mbovu, vaa hilo koti." Nikafungua geti. Akasema rudia. Nikafungua tena. Nilifungua lile geti mara kumi na nne, na kila mara kosa si langu, mara gari limezimika, mara muadhini ameanza, mara staa amesahau jina la mumewe. Ya kumi na nne ikapita. Mwongozaji akaja akaniuliza, umeigiza wapi wewe? Nikamwambia sijaigiza popote. Akasema, mbona unajua kusubiri?

Nilikaa chini nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Watu wanadhani kazi ya pembeni ni rahisi kwa sababu maneno ni machache. Staa ana kurasa, wewe una "karibu mzee," una "bosi hayupo," na ukibahatika una "sijaona mtu." Lakini sikiliza inavyokwenda. Kwanza wanapiga picha ya mbali, nyote mnaonekana. Kisha kamera inasogezwa kwa staa, anasema maneno yake, wewe uko nyuma ya kamera unampokea ili macho yake yapate pa kutua. Halafu zamu yako ya kuchukuliwa uso ikifika, staa ameshakwenda kunywa soda kwenye gari lenye kiyoyozi. Anayekusomea maneno yake ni kijana wa skripti, na anasoma kama anatangaza mnada wa ng'ombe. Hapo ndipo unatakiwa ushtuke, uogope, utokwe jasho, kwa ajili ya kiti cha plastiki. Na mnachokipiga leo kinaungana na mlichokipiga wiki tatu zilizopita, kwa hiyo ole wako uwe umenyoa ndevu au umefunga kifungo ambacho siku ile kilikuwa wazi. Jenereta likinguruma, mnasubiri. Mvua ikinyesha, mnasubiri. Siku ya kazi ya saa kumi na mbili, maigizo yenyewe ukiyakusanya hayazidi dakika kumi.

Ndiyo ile ile kazi ya shambani. Mwingine anaanzisha, wewe unapita kwenye tundu la sindano.

Nisidanganye lakini. Mwanzoni niliona aibu. Kwenye fani yetu kuna maneno kwamba mwimbaji akihamia kwenye luninga ujue muziki umemtema. Kwangu ni kweli, sifichi. Nilichofanya ni kuanza kuwatazama wenzangu waliovuka mto huo huo, nione wao walivukaje.

Dada wa Mombasa, Sanaipei Tande, ndiye niliyemtazama sana. Wengi wamesahau alikotokea. Mwaka 2004 lilipita shindano la Coca-Cola Popstars Kenya, Uganda na Tanzania, linasaka vijana wa kuundwa makundi. Kwetu likatoa Wakilisha, ndio Langa, Witness na Shaa. Uganda likatoa Blu*3. Kenya likatoa Sema, na humo ndimo alimokuwa Sanaipei na wenzake wawili. Sisi wa bendi tulikaa kijiweni tukawacheka. Kundi la kuokotwa kwenye mashindano litadumu wapi! Na kweli Sema halikudumu, Wakilisha nao wakatawanyika, Langa akafariki Juni 2013 akiwa bado kijana, Mungu amrehemu. Lakini tuliokuwa tunacheka bendi yetu ilikufa kabla hata ya nguo za jukwaani hazijachakaa. Sanaipei akaendelea peke yake, akaimba na Jua Cali ule wimbo wa "Kwaheri," akatangaza redioni, na miaka ilipokwenda akaibuka kwenye Kina, tamthilia ya Maisha Magic Plus, akiwa Nana Tandala, mama wa familia ya kitajiri ambaye akikohoa nyumba nzima inanyamaza.

Hakuingia kwa mlango wa geti kama mimi, nafasi yake ni kubwa. Ila nilimtazama kwa jicho la fundi. Kila mara mwenzake akimaliza kusema, yeye hapokei papo hapo. Anaiacha pumzi moja ipite. Mwigizaji wa kawaida anaogopa kimya hicho, anadhani amesahau maneno. Mwimbaji hakiogopi kwa sababu kwake kimya kina hesabu. Nikampigia makofi peke yangu sebuleni, mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani kafunga goli.

Kwetu Bongo wapo waliochungulia na kurudi. TID, baada ya jina kuwa kubwa kwenye muziki, alicheza Girlfriend mwaka 2003, filamu ya marehemu George Tyson, pamoja na Monalisa, na wanamuziki wengine wa Bongo Fleva walijazana humo. Kisha akarudi kwenye muziki wake. Wengine wamevuka kwa kutokea ng'ambo ya pili kabisa: jirani yetu Shilole wa Igunga, ukishuka Sekenke na kuimaliza mbuga ya Wembere umefika kwao, alianza na filamu ndipo akashika kipaza sauti, na Snura vilevile alikuwa mwigizaji kabla "Majanga" ya mwaka 2013 haijamfanya asitembee kwa miguu. Kwa hiyo daraja lina njia mbili, ila naona wanaotoka kwenye maigizo kwenda kwenye muziki wanapigiwa vigelegele, na wanaotoka kwenye muziki kuja huku wanapewa pole.

Na huko duniani? Miriam Makeba, mama wa Afrika ambaye enzi za Mwalimu alipewa hadi pasipoti ya Tanzania, mwaka 1992 alikubali kuwa mama wa msichana kwenye filamu ya Sarafina! Yule, mwenye majukwaa yote yale, akavaa nguo za mtumishi wa ndani ili Leleti Khumalo awe mbele. Halafu yupo Mmarekani Ice-T. Huyu ndiye ananichekesha mpaka mbavu. Mwaka 1992 nchi yake nzima ilimkasirikia kwa wimbo kuhusu kuua polisi, hadi Rais wao akasema neno. Mwaka 2000 akachukuliwa kwenye Law & Order: Special Victims Unit kama mpelelezi wa polisi, tena wa pembeni, anayesimama nyuma ya mkubwa wake na kutoa sentensi moja ya kukata maneno. Alitegemewa kukaa kidogo aondoke. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alikuwa bado amevaa beji. Nami nikajiambia, kama yeye alivumilia beji mimi nitavumilia kirungu.

Mwenzangu mmoja huwa anasema sisi wa pembeni ni kama chumvi. Mimi sipendi maneno hayo, ni maneno ya kujifariji. Ukweli ni kwamba kodi ikifika chumvi haisaidii kitu. Kuna miezi napigiwa simu mara sita na kuna miezi simu inakaa kimya mpaka naipigia mwenyewe kwa simu ya mke wangu nione kama inaita. Hakuna mkataba wa kueleweka, mhusika wako anaweza kuuawa kwenye skripti Jumatatu na wewe ukaambiwa Jumanne. Vituo vimeongezeka, kweli. Mwaka 1994 ITV ilipoanza ilikuwa ajabu kumuona Mswahili mwenzako kwenye kioo, Kaole walipokuja na michezo yao mitaa ilikuwa inahama kwenda kwa mwenye luninga, na leo king'amuzi kina chaneli nzima za tamthilia zetu. Ila geti bado linafunguliwa kwa bei ile ile.

Sasa turudi kwenye pampu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwenye ile tamthilia mimi ni mlinzi wa nyumba ya tajiri. Shemeji mtu anaiba pampu usiku, ninamwona, ninasingiziwa mimi, ninafukuzwa. Nilipopewa karatasi nikakuta siku ya kufukuzwa sina neno hata moja. Nikamfuata mwongozaji. Nikamwomba mstari mmoja tu, "siyo mimi mzee," basi. Akatikisa kichwa. "Wewe watazame." Nikakasirika, tena sana, nikakumbuka na lile kasha la kanda la mwaka 1997, nikaona ndiyo yale yale, natoa jasho jina linaandikwa la mwingine. Kamera ilipowashwa nikamtazama shemeji. Nikamtazama bosi. Nikatazama chini, nikaweka kirungu ukutani polepole kama mtu anayelaza mtoto. Ikapita mara ya kwanza.

Sehemu hiyo ilionyeshwa wiki mbili kabla sijasafiri, kwa hiyo nilipofika Ilongero na jogoo wangu nilikuta kijiji kiko msibani. Umeme wa REA ulishafika, luninga nilishampelekea mama, na jioni nyumba yake inageuka ukumbi wa sinema. Baba yangu mdogo alinipokea njiani, akanishika bega.

"Kufukuzwa kazi si kufa, mwanangu. Ekari tatu zipo, tutapanda alizeti."

"Baba mdogo, yale ni maigizo. Nimelipwa."

"Najua ni maigizo," akasema. "Lakini ekari zipo."

Nikamwacha. Huwezi kumwambia mtu wa Singida asikutafutie shamba la alizeti.

Mama sasa ana miaka themanini na kitu, na masikio yalimwacha yapata miaka kumi iliyopita. Kidogo kidogo, kama taa ya mafuta. Hospitali walisema ni uzee. Kwa hiyo katika watu wote wanaojazana sebuleni kwake yeye peke yake anaangalia bila sauti. Wenzake wanacheka maneno ya staa, yeye hacheki. Anatazama tu. Jioni ile marudio yalipofika pale pa pampu, akanivuta mkono nikae chini karibu na kigoda chake, akanyooshea kidole kioo.

"Huyu mwanamke anasema sana," akasema, kwa Kirimi, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Wewe unamsikiliza vizuri."

Kisha sehemu nyingine ikaja, ya wiki iliyofuata, ambapo namweleza mjumbe yaliyonipata. Mama akatikisa kichwa, akanipiga kofi dogo la goti.

"Hapo umemkanyaga."

Msomaji, mwanamke huyo hasikii radi. Lakini alikuwa sahihi. Siku tulipoipiga ile sehemu nilikuwa na njaa na haraka ya daladala, nikadakia maneno ya mwenzangu kabla hajamaliza, na watu wote kwenye seti, mwongozaji, fundi wa sauti mwenye vifaa masikioni, hakuna aliyegundua. Ikaenda hewani. Aliyeikamata ni kiziwi wa Ilongero.

Usiku watu walipotawanyika tukabaki wawili jikoni, yeye anachochea moto, mimi namnyonyoa jogoo. Akaniuliza mbona humo kwenye luninga siimbi. Lilikuwa swali nililolikimbia miaka yote. Tangu 2006 sikumwambia habari ya koo. Wakati masikio yake bado mazima nilikuwa nikipiga simu kwa jirani nizungumze naye nasema nina mafua, na mafua hayo yalidumu miaka, hadi masikio yake yalipofunga nikashusha pumzi. Nina aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, mama amekuwa kiziwi na mimi nimeona afadhali. Nikamwonyesha koo langu kwa kidole, nikatikisa mkono: hakuna.

Hakushtuka. Akasukuma kuni ndani.

"Nilijua tangu simu ya kwanza," akasema. "Mafua gani yanakaa chini vile."

Akanyamaza kidogo. Halafu, bila kunitazama, akaanzisha. Wimbo wa kupalilia, ule wa zamani wa asubuhi na mapema. Sauti yake ilikuwa haipo mahali pake kabisa, inapanda pasipopandwa, maana hajisikii mwenyewe, na yangu ndiyo hii ya kokoto. Nikasubiri pumzi yake iishe. Nikaitikia. Yeye alikuwa amegeuza uso, ananitazama mdomo ili ajue nimemaliza, na uliposimama akaanzisha wa pili.